Mlezi wa Watoto Anakula Nini Wakati wa Konji?



Liko shauri moja linalorudi kati yetu kila mwaka unapokaribia mwezi wa saba. Masomo yanafungwa, na shule ya watoto wadogo, ile tunayoiita gardiene, nayo inafunga mlango. Mzazi anasema: “Mtoto wangu atakaa nyumbani miezi miwili. Kwa nini nilipe?” Mwalimu wa gardiene anajibu: “Mimi pia nitakaa nyumbani miezi miwili. Nitakula nini?” Kila mmoja anaona haki iko upande wake. Wengine wanaachana kwa hasira, na mwezi wa tisa ukifika mtoto haletwi tena, au mwalimu harudi tena.

Wako wanaosema ni shauri dogo la franka chache. Sisi tunaona kwamba ndani yake mna swali kubwa: mtu akikupa kazi yake, wewe unalipa saa ulizomwona, au unalipa ili mtu huyo aendelee kuwako? Tulipime swali hili pamoja, polepole, bila kumhukumu mzazi wala mlezi kabla ya kuwasikiliza wote wawili.

Kwanza tukumbuke hali yetu. Katika mwezi wa tisa 2019 Leta ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za Leta, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyosema, na hata katika zile zinazoongozwa na makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977. Wazazi wengi walishukuru, kwa sababu tangu miaka ya 1990 wao ndio waliobeba mzigo wa kulisha walimu kwa ile feza tuliyoiita primi. Lakini masomo hayo ya bure ni ya shule ya msingi. Mtoto wa miaka mitatu au minne hahesabiwi humo. Hapa kwetu mwalimu wake anaishi kwa kile wazazi wanachotoa. Na yule msichana au mama anayewashika watoto nyumbani kwake wakati sisi tuko shambani, yeye hana hata karatasi. Ana mkeka, ana kikombe cha maji, ana macho yake mawili. Mshahara wake unatoka katika mikono yetu, na mikono yetu ikifungwa, hakuna mkono mwingine.

Sasa tumsikilize mzazi. Neno lake si la uchoyo. Anasema: “Mimi ninauza mihogo sokoni. Siku nisipouza, hakuna mtu anayenilipa. Mvua ikinyesha mchana kutwa, ninarudi na kikapu changu na njaa yangu. Nani amenilipa konji hata siku moja? Na mimi ninalipaje pumziko la mwingine?” Neno hili ni zito. Ukilisikia usicheke, wala usimfukuze na aya mbili za Biblia. Tutalirudia mbele, kwa maana bila kulijibu, yote tutakayosema yatakuwa maneno ya watu wenye mshahara.

Tuulize basi: tunamlipa mlezi kwa kitu gani?

Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 2. Mtoto Musa amewekwa katika kisanduku mtoni, na binti Farao amemwona. Dada ya mtoto anajitokeza na kuuliza kama atafute mwanamke wa kumnyonyesha. Anakwenda kumwita mama mzazi mwenyewe, na binti Farao anamkabidhi mtoto na kumwahidi mshahara. Tazameni jambo hili. Yule mama angemnyonyesha mwanawe bila makuta hata moja, maana ni mwanawe. Lakini mtu aliyempa kazi hakusema: “Anampenda mtoto, basi upendo unamtosha.” Aliahidi mshahara. Na tena hakusema atalipa kwa idadi ya mara mtoto aliponyonya. Alilipa ili mtoto akue.

Hapo ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunadhani mlezi anatuuzia saa, kama mtu anavyouza kilo ya mchele: umechukua, umelipa, hukuchukua, hulipi. Lakini mtoto mdogo halelewi kwa kilo. Anahitaji mtu anayemjua: anayejua kwamba huyu akinyamaza sana ana homa, kwamba yule halali bila kushikwa mkono. Maarifa hayo hayanunuliwi asubuhi moja. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mlezi akienda zake katika mwezi wa nane kwa sababu ya njaa, katika mwezi wa tisa utapata mlezi mwingine, lakini mtoto wako ataanza tena kulia kama siku ya kwanza.

Wengine watasema: “Zamani watoto walilelewa bure. Nyanya alibaki nao nyumbani, na hakuna aliyemlipa.” Tuseme kweli: je, nyanya alilea bure? Wajukuu walimchotea maji na kumletea kuni. Binti yake alipotoka shambani, aligawa sombe na mchele, na sehemu ya nyanya ilitolewa kwanza. Na siku ambazo hakuna mtoto aliyeachwa kwake, kwa sababu wote walikaa nyumbani, je, kuna aliyemwambia: “Mama, leo hukumshika mtoto, basi leo usile”? Mtu wa namna hiyo angeitwa mpumbavu na kijiji kizima. Nyanya alikula siku za kazi na siku za kupumzika, kwa maana alikuwa mtu wa nyumba. Desturi yetu yenyewe inatufundisha kwamba anayelea anatunzwa mwaka mzima. Tulipoanza kulipa feza, tulichukua hesabu ya soko na kuiacha hekima ya nyumba.

Na sisi wa Maniema tungepaswa kujua kuliko wengine hesabu ya namna hiyo inaumiza jinsi gani. Serikali ya Wabelgiji iliweka kilimo cha lazima mwaka 1917, na hapa kwetu babu zetu walilazimishwa kulima pamba. Siku ya soko pamba iliwekwa kwenye mizani, na mtu alilipwa kwa kilo, kwa bei ambayo yeye hakuipanga. Kufyeka hakukuhesabiwa. Kupalilia hakukuhesabiwa. Siku za kungoja mvua hazikuhesabiwa. Kilichoonekana kwenye mizani ndicho kilicholipwa, na mtu mwenyewe, na tumbo lake na watoto wake, hakuonekana. Wazee walihuzunika sana juu ya mizani ile. Basi tusiibebe sisi wenyewe na kuiweka mlangoni pa mwanamke anayelea watoto wetu.

Sasa tuje kwa pumziko. Katika Kutoka sura ya 16, watu wa Israeli wanaokota mana jangwani kila asubuhi. Siku ya saba mana haishuki. Je, siku hiyo walifunga kwa lazima? Hapana. Siku ya sita waliokota sehemu mara mbili. Bwana alipoamuru pumziko aliandaa pia chakula cha pumziko, na alikiandaa mbele, wakati wa kazi. Pumziko bila chakula ni njaa iliyopewa jina zuri. Tukimwambia mlezi: “Nenda upumzike miezi miwili,” na hatukuweka kitu siku ya sita, hatukumpa pumziko. Tumemfukuza kwa muda.

Sheria ya nchi nayo inalijua neno hili kwa kiasi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya kazi ya konji kwa kila mwezi mzima aliotumika, na konji hiyo inalipwa. Mwaka mzima, hizo ni siku 12 au zaidi. Hazifiki miezi miwili. Kwa hiyo yeyote asikuambie kwamba sheria imemaliza shauri lote. Sheria imeonyesha mlango tu; kuingia ndani ni kazi ya mapatano yetu na dhamiri yetu.

Tena, si kila kufungwa ni sawa. Tunaona kufungwa kwa namna tatu.

Ya kwanza ni kufungwa kunakojulikana: Noeli, Pasaka, na konji kubwa ya mwezi wa saba na wa nane. Hakuna anayeweza kusema alishtushwa. Mzazi alijua, mlezi alijua. Mzigo wa kufungwa huku ni haki ubebwe na malipo ya mwaka mzima.

Ya pili ni kufungwa kwa mapenzi ya mlezi mwenyewe. Amefunga wiki tatu ili apeleke mafuta ya mawese Kindu kuuza, na aliporudi anadai mwezi mzima. Hapo tunasema wazi: huyo hana haki ya kudai, kwa maana amechukua mshahara mahali pengine katika saa za watoto wetu. Lakini akiwa mgonjwa, au amefiwa, hilo si biashara. Siku hizo tumhurumie kama tunavyotaka kuhurumiwa.

Ya tatu ni kufungwa kwa msiba wa wote. Mwezi wa tatu 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Kongo zilifungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka mwezi wa kumi. Mwalimu aliyelipwa na Leta aliendelea kungojea mshahara wake. Mwalimu aliyeishi kwa feza za wazazi hakuwa na cha kungojea. Jirani zetu wa Uganda waliona makubwa zaidi: watoto wa shule za wadogo walifungiwa tangu mwezi wa tatu 2020 mpaka mwezi wa kwanza 2022. Walimu wengi wa shule za watu binafsi walienda kulima, kuuza chakula, kuendesha pikipiki, na shule nyingine hazikufunguka tena. Hapa Kabambare tunajua pia kufungwa kwa sababu ya bunduki, wakati mzazi na mwalimu wanakimbia katika njia moja. Katika msiba wa namna hiyo hakuna wa kumdai mwenzake yote. Mzazi amepoteza na mlezi amepoteza. Lakini hata hapo, mwenye kipande cha mkate asimsahau aliyemlelea mtoto. Akishindwa kulipa mwezi, atoe nusu. Akishindwa nusu, atoe kibaba cha mchele. Akishindwa hicho, aende amsalimie, ili yule ajue kwamba hakutupwa.

Sasa turudi kwa mama wa mihogo, kama tulivyoahidi. Yeye aliuliza: “Nani analipa pumziko langu?” Jibu la kweli ni hili: hakuna anayelipa, na hilo ni kosa la ulimwengu juu yake. Lakini kosa lililofanywa juu yake halisahihishwi kwa kulifanya tena juu ya mwanamke mwingine maskini kama yeye. Tukisema, “Mimi nimenyimwa, basi nawe unyimwe,” tutakuwa watu wawili wenye njaa badala ya mmoja, na aliyetunyima hatasikia kitu.

Wala hatusemi kwamba mama huyo peke yake abebe mzigo sawa na mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Kumbukeni mfano wa Bwana katika Injili ya Matayo, sura ya 20, wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Walioitwa jioni walilipwa sawa na walioanza asubuhi. Hawakuwa wavivu, walikuwa wamesimama sokoni mchana kutwa, na hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakupima saa zao tu. Alijua kwamba mtu aliyefanya kazi saa moja ana watoto wanaokula siku nzima. Haki ya mwenye shamba yule inaangalia pande zote mbili: inamwangalia mlezi asiye na kazi katika konji, na inamwangalia mama asiye na feza za kutosha. Kwa hiyo upungufu wa mama huyo uwe mzigo wa wazazi wote pamoja. Usiwe mzigo wa mlezi peke yake.

Tufanye mfano wa hesabu, ili asiwepo anayedhani ni ndoto. Tuseme gardiene ina watoto 20, na mwalimu wao anahitaji franka 60,000 kwa mwezi ili aishi. Kwa miezi 12, hizo ni franka 720,000. Masomo ni miezi 10. Wazazi wakilipa kwa miezi ya masomo tu, bila kufikiri konji, kila mmoja atatoa 3,000 kwa mwezi, na mwezi wa saba ugomvi utaanza. Lakini wakigawa zile 720,000 kwa miezi 10, ni 72,000 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa kila mtoto. Ni franka 600 zaidi kila mwezi. Hiyo ndiyo mana ya siku ya sita. Komite ya wazazi inazitunza hizo 600, na konji ikifika, chakula cha konji kimo sandukuni. Hakuna wa kudai, hakuna wa kudaiwa.

Na kama katika hao 20 wako wawili wasioweza kabisa? Wale 18 wakitoa 4,000 kila mmoja, jumla ni 72,000 ileile. Kila mzazi ameongeza franka 400, watoto wawili wa maskini wamebaki darasani, na mwalimu hakupungukiwa. Sisi tunaocheza likelemba sokoni hatuwezi kusema hesabu hii inatushinda.

Asiye na feza ana mikono pia. Konji kubwa inaanguka katika kiangazi, wakati wa kufyeka na kuchoma mashamba. Mzazi aliyeshindwa kutoa franka anaweza kutoa siku mbili za salongo katika shamba la mlezi. Hayo ni malipo ya heshima, na yahesabiwe kama malipo, yaandikwe katika daftari pamoja na feza za wengine. Tena yako mavuno. Wako ndugu zetu wa Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, ambao tangu mwaka 1986 walipanga kulipia hospitali yao mara moja kwa mwaka, katika majira ambayo mkulima amekwisha kuuza mazao yake. Aliyeugua alitibiwa kwa bei ndogo, na asiyeugua hakurudishiwa chake. Je, huyo wa pili alipoteza? Hapana. Alisaidia hospitali ibaki imesimama, hata siku yake ilipofika aikute. Mkulima wa mpunga wa Kasongo naye anaweza kulipia gardiene wakati gunia limejaa, kuliko kungoja wakati ambapo gunia limekwisha.

Kwa walezi nao tuna neno. Mkilipwa wakati wa konji, nanyi mmefungwa kwa neno lenu. Siku ya kufungua iliyopatanwa iwe siku ya kufungua kweli. Msichukue mana ya konji kisha mwezi wa tisa mkaenda kwa mwingine aliyewaongezea kidogo. Tengenezeni mikeka, pumzikeni, rudini na nguvu. Na wazazi wakiwaomba muwashike watoto katika siku za konji, kwa maana kiangazi shamba linamwita mama kwa nguvu, basi hiyo ni kazi nyingine, na ina malipo yake mengine.

Mwisho tuna neno kwa sisi wenyewe, wachungaji, wazee na komite za makanisa. Gardiene nyingi ziko chini ya paa zetu. Mara nyingi mwalimu akija kuuliza chakula cha konji, tunamwambia: “Mama, wewe unamtumikia Bwana, Bwana atakulipa.” Ndugu, tuogope neno hili. Bwana atamlipa, ndiyo, kwa kile alichomfanyia Bwana. Lakini deni letu sisi tusiliandike kwa jina la Bwana. Torati ya Musa, katika kitabu cha Walawi sura ya 19, inakataza mshahara wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi. Kama usiku mmoja ni mrefu mno, miezi miwili je?

Basi, wapendwa, kabla masomo hayajafunguliwa, kaeni chini wazazi na mlezi. Semeni bei ya mwaka. Semeni siku za kufungwa. Semeni nani ataongeza na nani atapunguziwa. Andikeni, kwa sababu ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa huzaa ugomvi. Mapatano yakifanywa mapema, kila mtu bado anamwangalia mwenzake kwa uso mzuri. Yakingojewa mpaka mlango umefungwa, kila mmoja anaangalia njaa yake tu.

Na wewe ambaye mwaka huu mapatano yenu hayakuwako, na konji imekwisha kuanza, usingoje mwaka ujao. Mlezi wa mtoto wako unamjua, na nyumba yake unaijua. Leo jioni jiko lake linawaka au haliwaki. Tuma mtoto huyohuyo aliyemlea, apeleke kitu mkononi.